Diski Iliyolala Sandukuni

Maneno yaliyokuja kumkata Nelima maini aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa na akili zake timamu. Ilikuwa Machi mwaka 2020, siku chache kabla mji haujafungwa kwa sababu ya korona. Alikuwa ameketi kwenye duka lake dogo la kutengeneza kompyuta pale Kawempe, mtaa wa Kampala, na mbele yake alisimama Ochan, mpiga picha, ameshika diski nyembamba inayotoshea kwenye mfuko wa shati.

"Hii sasa ipumzishe," Nelima alimwambia. "Imefanya kazi sana. Ifungie mahali pakavu, usiiguse. Haina kitu kinachozunguka ndani, haiwezi kufa. Hata baada ya miaka kumi utaikuta."

Ochan alimwamini. Katika mtaa ule, nani asingemwamini?

Nelima Wanjala alizaliwa Webuye, upande wa Kenya. Aliingia Kampala mwaka 2005, akiwa na miaka ishirini na miwili, kumfuata dada yake aliyekuwa akiuza ndoo na mabeseni Kikuubo, soko la jumla la katikati ya mji. Biashara ya plastiki haikumwingia moyoni. Ghorofa ya juu ya jengo lenye duka la dada yake alikuwako Mkongo mmoja wa Bunia, jina lake Barnabé, fundi wa kompyuta. Siku moja Nelima alipanda kwake kuchajisha simu, akakaa kumtazama akifungua mashine, na simu ilipojaa hakushuka. Kesho yake alipanda tena. Wiki ya tatu Barnabé alimpa bisibisi bila kumtazama, kama mtu anayempa mwenzake chumvi mezani.

Alikaa naye miaka minane. Alijifunza kuijua diski ya zamani, ile inayozunguka, kwa sikio tu: ikipiga kelele ya kukwaruza alijua imebakiza siku, ikigonga alijua imebakiza saa. Alijifunza pia kwamba diski ya namna hiyo lazima ipangwe upya kila mwezi, vipande vya mafaili vikusanywe pamoja, la sivyo kompyuta inakuwa nzito kama mgonjwa. Mwaka 2013 Barnabé alimwambia amefuzu, naye akafungua duka lake Kawempe.

Halafu zikaja diski zisizozunguka, ambazo mafundi huziita SSD. Kompyuta kuukuu iliyokuwa ikichukua dakika tano kuamka, ukiitia SSD inaamka kabla hujavuta kiti. Wateja waliona kama uchawi. Nelima, kwa mapenzi mema, akaendelea na dawa yake ya zamani: kila mwezi anazipanga upya. Barnabé aliposikia kwenye simu alicheka hadi akakohoa, kisha akakasirika kweli. Alimweleza kwamba SSD huchakaa kwa kuandikwa, na kila ukiipanga upya unaiandika bure. Kufanya hivyo, alisema, ni kufagia nyumba kwa jembe.

Nelima hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Aliacha siku hiyo hiyo, akaanza kusoma na kuuliza. Akajua kwamba SSD ikijazwa pomoni hukosa pa kupumulia na mwendo wake hufa, kwa hiyo akawazoesha wateja kuacha robo yake wazi. Akajua kwamba faili likifutwa, kompyuta inapaswa kuiambia diski kwamba nafasi ile sasa ni tupu, na akawa akihakikisha mpango huo umewashwa katika kila mashine inayopita mikononi mwake. Kila mwaka alizipima, akaona zimebakiza uhai wa asilimia ngapi, na tarehe na kipimo akaviandika kwenye daftari lake jeusi. Kompyuta alizozitunza zilikuwa na mwendo mwaka wa tano kama mwaka wa kwanza. Watu walivuka mji kutoka Nateete kumletea zao. Wakamwita Mama Diski, ingawa hakuwa na mtoto, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

Mteja mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni huyo Ochan. Alikuwa Mwacholi wa Kitgum, aliyewahi kukaa jeshini miaka kadhaa na Kiswahili chake alikipata huko, kwa hiyo Nelima alimwita afande. Alipoacha bunduki alishika kamera. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na nusu ya Kawempe ilikuwa imepita humo: picha za paspoti, za mahafali, za harusi, za kwanjula, siku bibi harusi anapomtambulisha mchumba kwao. Picha zake zote za miaka minne zilikuwa kwenye SSD moja. Aliijaza hadi ukingoni, akafuta kidogo, akaijaza tena. Nelima alimgombeza kila mwaka, naye kila mwaka aliitikia kwa heshima akaenda kufanya yale yale. Machi 2020 alipoipima, uhai wake ulikuwa umebaki asilimia kumi na mbili. Ndipo alipomwambia maneno yale. Walizungumza juu ya kutoa nakala pia, lakini diski mpya aliyonunua Ochan ilikuwa ndogo, na wakakubaliana watalifanya jambo hilo mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi hakuna gari lililokuwa likitembea. Ochan alikuwa amekwisha panda basi kwenda Kitgum kwa mama yake, akidhani anakwenda kwa wiki tatu. Diski aliiacha katika sanduku la chuma, ndani ya studio iliyofungwa, chini ya mabati. Akalima ufuta, akalima mtama, akamuuguza mama yake na kumzika, na ikapita miaka miwili kasoro mwezi.

Katika wimbi la pili la ugonjwa, Juni 2021, alikufa dereva mmoja wa malori, jirani yake Nelima, aliyeitwa Zubairi. Alikuwa Mnubi, mume wa Maimunah, mwanamke anayesuka vifuniko vya vyakula vya ukili wa rangi na kuviuza sokoni. Zubairi aliingia hospitali Jumatatu, akazikwa Alhamisi, na waliosimama kaburini hawakufika kumi. Simu yake haikurudi kutoka wodini. Albamu ya harusi yao ilikuwa imelowa na kuoza mwaka wa mafuriko, na mwenyewe, enzi za uhai wake, alikuwa akiona kamera anageuza uso. Siku moja tu alikubali kusimama na kupigwa picha, nayo ni siku ya ndoa yao mwaka 2017, na aliyewapiga ni Ochan. Kwa hiyo Maimunah alingoja. Miezi saba alikuwa akipita mbele ya studio iliyofungwa, akatazama kufuli, akaenda zake.

Februari 2022 Ochan alirudi. Kesho yake asubuhi waliingia dukani kwa Nelima wote wawili, Maimunah amevaa gauni la kutokea, Ochan amebeba diski ndani ya leso safi.

Nelima aliwavutia viti. Aliichomeka diski, na kompyuta ikaitambua mara moja, ikataja jina lake na ukubwa wake. Majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo, miaka kwa miezi, na Maimunah aliyeketi karibu akasoma kwa sauti ndogo tarehe ya harusi yake. Nelima akatabasamu, akabofya picha ya kwanza.

Haikufunguka. Kompyuta iliganda, duara dogo likazunguka, likazunguka, kisha ikaja taarifa kwamba faili halisomeki. Akabofya ya pili. Ya tatu ikafunguka ikiwa na mistari ya kijani na waridi kama kitambaa kilichochanika, hamna mtu ndani. Akabadilisha waya. Akabadilisha mashine. Akafungua kipimo cha afya ya diski, na sehemu zisizosomeka zilikuwa zikiongezeka mbele ya macho yake, mia, mia nne, elfu moja. Diski iliyokuwa ikimimina picha kama bomba sasa ilidondosha tone, ikakauka, ikadondosha tena.

"Mimi nilifunga vizuri, dada," Ochan alisema. "Ulisema hakuna mtu aguse. Hakuna mtu aligusa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Alikuwa amekwisha ona diski zilizoangushwa, zilizomwagiwa chai, zilizopigwa na radi. Hajapata kuona iliyokufa kwa kutofanywa lolote.

Maimunah aliuliza ni nini kimeila, panya au mchwa.

"Sijui," Nelima alijibu, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema neno hilo ndani ya duka lile, alihisi kama limesemwa na mtu mwingine.

Aliichomoa diski asiizidishie madhara, akawaomba wangoje, akatoka nje kumpigia Barnabé, ambaye miaka hiyo alikuwa amerudi kwao Bunia. Alimsimulia yote: uchakavu, sanduku, mabati, miaka miwili.

Barnabé akamweleza, polepole, kama siku zile za bisibisi. Ndani ya SSD hakuna kilichochongwa wala kuandikwa kwa wino. Kila alama ya kila picha ni chaji kidogo ya umeme iliyofungiwa kwenye chumba kidogo mno, na kuta za vyumba hivyo huchakaa kadiri unavyoandika. Mpya inaishika chaji miaka mingi. Iliyochoka huivujisha, na ikiwekwa kwenye joto huivujisha upesi zaidi. Kwa hiyo inatakiwa kuchomekwa mara kwa mara, ipate umeme, isomwe, ijipe nguvu upya.

"Ile ya zamani, inayozunguka, ndiyo ungeitupa sandukuni, Nelima," alisema. "Hii ukiifungia njaa, inakufa njaa."

Nelima akamuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Barnabé akasema hakuulizwa, na kwamba alidhani anajua.

Nelima alibaki pale nje, jua limempiga utosini. Alikuwa amewafundisha watu miaka tisa jinsi ya kuzitunza diski hizi. Alijua zinavyochoka kwa kazi. Haikumpitikia hata siku moja kwamba pumziko lenyewe laweza kuwa sumu, na sumu hiyo aliitoa yeye, bure, kwa tabasamu.

Aliporudi ndani Ochan alikuwa amekwisha pata maelezo yake. Alidhani huenda diski ilikuwa feki. Mjini feki ni nyingi, na aliyemuuzia alikuwa amekwisha hama. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, mpana, na aliyeufungua ni mwenye hasara mwenyewe. Nelima alikiri baadaye kwamba aliutazama.

"Si feki, afande," alisema. "Ni neno langu. Nilikwambia uifungie, na kufungiwa ndiko kumeiharibu. Nilikosea, na sikujua kama nimekosea mpaka leo."

Maimunah aliinama, akaanza kukunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua. Ochan hakupandisha sauti. Uso wake uligeuka kijivu, akaketi na kutazama mikono yake. Ndani ya diski ile zilikuwamo picha elfu thelathini na nane. Watu wangapi kati yao walikuwa wamekufa katika miaka ile miwili, hakuna aliyejua, lakini tangu arudi jana walikwisha mjia watu wanne kutafuta picha za marehemu wao, na Maimunah ni wa kwanza tu.

Kisha Ochan akauliza, "Nani mwingine ulimwambia hivyo?"

Nelima hakuwa amefika huko. Alivuta daftari jeusi, akageuza kurasa kuanzia mwaka 2018. Kila alipoandika kwamba diski imechoka, alikumbuka alichomwambia mwenye diski: ipumzishe, ifungie. Alihesabu watu ishirini na saba.

"Jeshini," Ochan alisema, "ukitoa oda mbaya, wewe mwenyewe unakimbia kurudisha watu."

Kabla ya kukimbia Nelima alishughulikia diski iliyo mbele yake. Barnabé alimwelekeza aiunganishe kwa namna ambayo kompyuta haiwezi kuiandika hata herufi moja, aweke programu inayosoma panaposomeka, inaporuka pabovu inaandika mahali ilipoachia, kisha inarudi kujaribu tena, mara kumi, mara hamsini, na yote inayoyapata inayamwaga kwenye diski ya zamani inayozunguka. Aliongeza betri ya gari pembeni ili umeme ukikatika kazi isikatike. Diski akaiacha isome, naye akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona.

Siku kumi na moja alizunguka. Simu nyingine zilipokelewa, nyingine hazikupokelewa, na ambako hazikupokelewa alikwenda kwa miguu. Kikuubo alimkuta Sylvanus Wamalwa, Mkenya mwenzake anayeuza vifaa vya umeme kwa jumla, ambaye diski yake ilikuwa mtotoni mwa meza tangu mwaka uliotangulia. Walipoichomeka ilisoma yote bila kukwama. Sylvanus alimcheka, akamuuliza ni tangu lini mafundi wa Kampala wanawafuata wateja nyumbani. Nelima alicheka naye, kisha akalitia alama jina lake kwenye daftari.

Nateete hakucheka mtu. Katibu wa kanisa moja dogo alimtolea diski iliyohifadhiwa ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kabati, na juu ya bahasha limeandikwa jina la Nelima na maagizo yake, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa na nyimbo za kwaya za miaka sita. Walipoichomeka, kompyuta haikuona kitu kabisa. Katibu alidhani ni kosa lake mwenyewe, akaanza kuomba radhi, na Nelima ilimbidi amkatize, amwambie akiwa amesimama pale mlangoni kwamba mkosaji ni yeye. Mama yule alimtazama kwa mshangao, kama aliyeambiwa na daktari kwamba dawa ilikuwa ya mtu mwingine. Hakumtukana. Alimwomba tu aende.

Ilipofika siku ya kumi na moja alikuwa amewafikia watu ishirini na sita. Diski ishirini na moja zilikuwa salama, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za watu waliompuuza wakaendelea kuzitumia. Mbili zilikuwa zimepoteza sehemu. Tatu hazikuamka.

Ya Ochan ilisoma hadi mwisho. Katika picha elfu thelathini na nane, elfu ishirini na nne zilirudi nzima. Zilizobaki, nyingine zilirudi vipande, nyingine hazikurudi. Ochan alibandika tangazo kwenye mlango wa studio, akawaambia watu ukweli bila kumtaja fundi. Nelima aliposoma alichukua kalamu, akaandika jina lake chini.

Picha za ndoa ya Zubairi na Maimunah zilikuwa sitini. Iliyorudi ni moja, nayo haikurudi yote. Ilikuwa ile ya familia: wanawake wameketi mbele, bibi harusi katikati, na wanaume wamesimama nyuma. Nusu ya juu ilikuwa safi. Zubairi alisimama pale katika kanzu, mdomo umefunguka kidogo, kana kwamba anamwambia mpiga picha afanye haraka. Kuanzia kifuani kwake kwenda chini palikuwa na kijivu kitupu. Bibi harusi hakuwako, wala kiti chake, wala maua.

Nelima aliogopa kumwonyesha. Alimgeuzia kioo, akarudi nyuma hatua moja. Maimunah alisogeza kiti hadi karibu na kioo. Hakulia. Ochan, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia anaweza kulijaza lile pengo kwa kompyuta, ampige picha mpya ameketi, amuunganishe, asijulikane.

"Usijaze," Maimunah alisema. "Mimi nipo. Yeye ndiye nilikuwa namtafuta."

Aliomba ichapwe kubwa, na kijivu chake. Ochan aliichapa jioni ile ile, na Maimunah akaibeba mwenyewe hadi nyumbani, akiishika kwa mikono miwili kama sinia ya chakula.

Nelima bado yuko Kawempe. Waliomwacha baada ya tangazo lile ni wengi, na hakuwafuata kuwasihi. Waliobaki huwaambia mambo yale yale ya kuacha robo wazi na kutoipanga diski upya, kisha huongeza kwamba diski iliyostaafu ichomekwe kila baada ya miezi mitatu, iachwe isome, na kitu chochote usichoweza kukipiga picha mara ya pili kisikae mahali pamoja tu. Wakimuuliza amejifunza wapi, huwaambia.

Mtu wa ishirini na saba ni Akeyo, mwanamke aliyekuwa akishona sare za shule, aliyerudi kwao Kisumu mwanzoni mwa korona. Nelima alimfungia diski yake kwa mkono wake mwenyewe, akaizungushia utepe. Nambari yake haipatikani. Dada yake Nelima ameuliza kwa wasafiri wa Kikuubo, na mmoja alisema anamfahamu Akeyo mshonaji, lakini huyo alikuwa mwingine. Kila mwanzo wa mwezi Nelima huipiga tena ile nambari, husikiliza mpaka sauti ya mashine imalize kusema, ndipo hufungua duka.